Ukienda kuteleza Alps, anza na saa ya kurudi

Kwa wenzangu wa Dar mnaopanga safari ya skii: eneo kubwa kama Les Trois Vallées, Ufaransa, lina njia za takriban kilomita 600. Huwezi kuzimaliza kwa wiki, msijichoshe.

La muhimu ni lifti ya mwisho, yaani viti au vibanda vya kwenye kamba vinavyopandisha watu mlimani. Nyingi hufungwa kati ya saa kumi na saa kumi na nusu jioni. Ukiachwa kijiji cha Val Thorens na malazi yako yapo kijiji cha Courchevel, upo bonde jingine kabisa. Teksi inashuka hadi Moûtiers, mji ulio chini bondeni, ndipo ianze kupanda upya, na bei yake inauma. Kwa hiyo, asubuhi piga picha ramani, zungushia lifti ya kukurudisha, na uwe umeshaivuka saa tisa.

Foleni ni kama mwendokasi wa Kimara: saa tatu na nusu kila mtu yupo pale pale. Wahi lifti ya kwanza, teleza miteremko inayotazama mashariki, jua linaianza hiyo. Kula saa tano na nusu, wengine wakienda mezani wewe una mlima wako.

Mgeni kabisa asinunue tiketi ya mabonde yote. Ya bonde moja inatosha, njia za kijani na bluu, zile rahisi, zipo tele.

Jaketi litafute mitumba Karume. Fungua zipu utazame ndani: lenye kitambaa cha kubana kiunoni ndilo la skii, ukianguka theluji haipandi mgongoni.