Usimuulize bibi mwaka, muulize tukio

Kwa wenzangu mnaojitolea kuandika nasaba za watu wa Mombasa: ukitaka kujua marehemu fulani alizaliwa lini, achana na "mwaka gani?" Taja tukio, kisha uulize huyo mtu alikuwa mkubwa kiasi gani wakati huo. "Bibi, ule mgomo wa bandarini, kaka yako alikuwa bado ananyonya au ashatiwa chuoni?" (chuo hapa ni madrasa). Mgomo ulikuwa Januari 1947. Akikwambia alikuwa ashaanza alifu na meno ya mbele yameng'oka, andika kati ya 1939 na 1940. Tumia pia mafuriko ya 1961, Uhuru wa Desemba 1963, au daraja jipya la Nyali, 1980.

Mzee hushika mambo ya nyumbani: nani alikuwa mgongoni, nani alikuwa mjamzito. Ndiyo maana jibu hili mimi huliamini kuliko kitambulisho, hasa chenye tarehe 1 Januari, ambayo mara nyingi ni ya kukisia tu.

Njia hii hukwama mzee akiwa alisimuliwa tukio bila kulishuhudia, au siku hizo alikuwa Lamu. Basi anza na "ulikuwa wapi?" Na kwa daraja, hakikisha hasemi lile la zamani lililoelea majini, la 1931, hapo utakosea kizazi kizima, baba umfanye mwana. Mwaka uliopatikana hivi uandike kwa penseli, na neno "takriban" ubavuni.