Kiwanja bado kina majani na muda unaisha: namna ya kuomba nyongeza

Kama una kiwanja hapa Dodoma, tuseme Iyumbu, Nala au Mtumba, na hujakijenga, itoe hati miliki usome ukurasa wa masharti. Jina lako limeandikwa sawa, najua, umeshaliangalia. Tafuta sharti la kuendeleza, yaani muda uliopewa wa kujenga. Hati nyingi hutoa miezi 36, na hesabu huanzia tarehe ya kuanza milki iliyochapwa humo, wala si siku uliyoichukua dirishani. Hati ikichelewa kutoka, miezi kadhaa imeshaliwa kabla hujaishika. Aliyenunua kwa mtu naye asijidanganye kwamba anaanza upya: masharti hufuata kiwanja, kwa hiyo amenunua pamoja na muda uliobaki.

Mimi nilikuwa masijala ya ardhi mpaka nikastaafu. Barua za kuomba muda nimezifungulia majalada mengi, na nyingi zilikwama kwa sababu zilikuwa za kulia tu: "Naomba mnifikirie, maisha ni magumu." Sasa afisa apendekeze nini hapo? Mpe maneno anayoweza kuyaandika na kuyatetea mbele ya mkubwa wake.

Hapa Dodoma sababu za kweli hazikosekani. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na penye udongo mweusi lori la mawe halifiki kiwanjani msimu huo. Kwa hiyo miaka mitatu kwenye karatasi ni viangazi vichache tu vya kujenga. Fedha yako ni ya zabibu? Sema hivyo, taja msimu wa mavuno, ambatanisha stakabadhi za mauzo. Ulikuwa unaumwa, weka cheti cha hospitali. Kuna kesi ya mpaka, weka nakala ya shauri.

Kisha onyesha ulichokwisha kufanya: picha za msingi, risiti za nondo na saruji, ramani iliyopitishwa. Hata tofali zilizopangwa pembeni zipige picha. Malizia kwa ratiba: msingi mwezi fulani, lenta mwezi fulani, kupaua mwezi fulani, halafu uombe muda unaolingana na ratiba hiyo. Anayeomba "muda wa kutosha" hajaomba kitu.

Barua iende kwa Mkurugenzi wa Jiji, yenye namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati. Mpitie mtendaji wa mtaa kilipo kiwanja akugongee muhuri. Waliohamia toka Dar hupeleka kwa mtendaji wa wanakoishi, ambaye hata kiwanja hakijui. Lipa kwanza kodi ya pango la ardhi, maana deni ndilo jambo la kwanza kutazamwa. Malipo yoyote yawe kwa namba ya udhibiti (control number). Peleka nakala mbili, moja igongwe "imepokelewa" na tarehe, urudi nayo nyumbani.

Lini? Miezi sita kabla, kwa maoni yangu. Muda ukishapita unakuwa mvunja masharti, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaruhusu upewe ilani, utozwe faini, na mwisho Rais aifute milki. Ukipata ilani, ijibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa humo.

Usichanganye hati na kibali cha ujenzi. Kibali kina ukomo wake, umeandikwa juu yake, na kuongezewa muda kwenye hati hakukifufui. Vilevile nyongeza haibadilishi matumizi: kiwanja cha makazi Nkuhungu hakigeuki cha fremu za maduka kwa sababu umeongezewa muda. Hayo ni maombi mengine, yana tangazo na nafasi ya majirani kuweka pingamizi, nayo huchukua muda mrefu. Ukiyahitaji yaanze kwanza, na uyataje kwenye barua ya kuomba nyongeza.

Wenye karatasi za zamani za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), zile za milki ya miaka 33, wana kazi ya ziada. Mamlaka ile ilivunjwa mwaka 2017 na majalada yakahamia halmashauri. Hakikisheni kwanza jalada lenu linaonekana, na muulizie hati ya miaka 99.

Ukikubaliwa, dai barua, uibane pamoja na hati. Ukiambiwa kwa mdomo "endelea tu, mama", shukuru, kisha kesho yake peleka barua ya kukumbushia yenye namba ya jalada.