Kuunganisha logi za ombi moja kwenye PostgreSQL: kitambulisho kimoja tangu mlangoni hadi mwisho

Mteja amelipia tiketi kwa M-Pesa, hela imekatwa, tiketi haijafika. Unafungua jedwali la logi na kukuta rekodi za wateja kadhaa za dakika ileile zimechanganyika, hujui ipi ni ya nani. Dawa ni kila ombi kupewa kitambulisho kimoja linapoingia, na kila rekodi inayotokana nalo ikibebe.

Hatua ya 1: jedwali

```sql
CREATE TABLE logi (
  id        bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  safari_id uuid NOT NULL,
  muda      timestamptz NOT NULL DEFAULT clock_timestamp(),
  chanzo    text NOT NULL,
  ujumbe    text NOT NULL,
  data      jsonb
);
CREATE INDEX ON logi (safari_id, id);
```

Vitambulisho ni viwili, na kila kimoja kina kazi yake: `id` ni ya rekodi, `safari_id` ni ya ombi zima. Usithubutu kuipa `safari_id` thamani ya DEFAULT. Ukifanya hivyo kila rekodi itajipatia kitambulisho chake, hakuna kitakachounganishwa, na wala hutaona kosa lolote kwenye skrini.

`clock_timestamp()` imewekwa kwa makusudi. `now()` hurudisha saa muamala (transaction: kundi la amri za hifadhidata zinazokamilika au kufutwa pamoja) ulipoanza, kwa hiyo rekodi zote za muamala mmoja zingeonyesha saa ileile, na usingejua ni hatua gani iliyokula sekunde 20.

Aina ya safu iwe `uuid` (kitambulisho cha biti 128 kisichotarajiwa kujirudia), si `text`. Inachukua baiti 16; ukiiandika kama maandishi inafika 37. Tena maandishi hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kitambulisho kilekile kikiandikwa `A3F…` na mfumo mmoja na `a3f…` na mwingine, utafutaji wako unarudi mikono mitupu.

Hatua ya 2: kitambulisho cha aina gani

Achana na `MAX(id) + 1`. Maombi mawili yakisoma kwa wakati mmoja yanapata namba moja. Saa peke yake nayo haitoshi, kwa sababu milisekunde moja ina nafasi ya maombi mengi.

UUID toleo la 4 lina biti 122 za bahati nasibu. Kugongana si jambo la kukunyima usingizi. Tatizo lake ni indeksi, ile orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji: kila thamani mpya inatua popote, na jedwali likishakuwa kubwa, PostgreSQL inalazimika kugusa kurasa zilizotawanyika kila inapoandika. Toleo la 7, lililowekwa rasmi na waraka wa viwango RFC 9562 mwezi Mei 2024, linaanza na biti 48 za saa kwa milisekunde, hivyo thamani mpya zinakaa jirani mwishoni mwa indeksi. PostgreSQL 18 ina `uuidv7()`, na Python 3.14 ina `uuid.uuid7()`. Kama uko kwenye PostgreSQL ya zamani kidogo, `gen_random_uuid()` ipo tangu toleo la 13, na kwa jedwali la rekodi elfu chache kwa siku hutaona tofauti.

Kumbuka tu kwamba toleo la 7 linabeba saa waziwazi. Usilitumie kama siri ya kufungulia kitu.

Hatua ya 3: kizaliwe mlangoni, mara moja

```python
import uuid
from contextvars import ContextVar

safari = ContextVar("safari")

def mlangoni(ombi):
    safari.set(uuid.uuid7())
    return shughulikia(ombi)
```

`ContextVar` huweka thamani ya kila ombi peke yake. Ukikiweka kitambulisho kwenye kigeu cha programu nzima, ombi la pili litafuta cha kwanza, na logi za Asha zitaandikwa kwa jina la Juma. Kosa hili halionekani ukiwa unajaribu peke yako kwenye kompyuta yako. Linasubiri siku ya watu wengi.

Kazi ikienda kwenye foleni, yaani ikisubiri kufanywa baadaye na programu nyingine, kitambulisho hakiifuati chenyewe. Kiweke ndani ya ujumbe wa foleni, na upande wa pili ukisome kabla ya kufanya lolote.

Hatua ya 4: jibu la M-Pesa

Hapa ndipo uzi hukatika zaidi. Ukituma ombi la malipo kupitia Daraja (API ya Safaricom ya M-Pesa), unarudishiwa `CheckoutRequestID` papo hapo. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, mteja akishaweka PIN, kama ombi jipya kabisa kwenye seva yako. Halijui chochote kuhusu `safari_id`. Usifikirie kukipachika kwenye `AccountReference`: ukomo wake ni herufi 12, UUID ina 36.

```sql
CREATE TABLE malipo (
  checkout_id text PRIMARY KEY,
  safari_id   uuid NOT NULL
);
```

Hifadhi jozi hiyo na ufanye COMMIT (kukamilisha muamala) mara tu unapopata `CheckoutRequestID`. Ukiiacha ndani ya muamala mrefu, matokeo yanaweza kufika kabla rekodi haijaonekana. Jibu likiingia, tafuta `checkout_id`, chukua `safari_id` ya zamani, endelea nayo.

Hatua ya 5: triga

Triga, yaani kazi ambayo hifadhidata huiendesha yenyewe data inapobadilika, haioni vigeu vya Python. Mwanzoni mwa muamala mpe PostgreSQL thamani hiyo:

```sql
SELECT set_config('app.safari_id', $1, true);
```

Ile `true` inaifunga thamani ndani ya muamala huu. Ukiweka `false` huku unatumia PgBouncer (programu ya kugawana miunganisho ya PostgreSQL) katika hali ya muamala, muunganisho unapita kwa mteja mwingine ukiwa na kitambulisho cha mwenzake. Ndani ya triga soma hivi:

```sql
coalesce(
  nullif(current_setting('app.safari_id', true), '')::uuid,
  gen_random_uuid())
```

`nullif` si pambo. Muamala ukiisha, thamani hairudi kuwa NULL, inabaki kamba tupu, na kuigeuza kamba tupu kuwa `uuid` kunaangusha muamala mzima.

Hatua ya 6: logi inayofutika

Logi ikiandikwa ndani ya muamala uleule wa kazi, ROLLBACK (kufuta muamala) inaondoka nayo. Yaani rekodi ya kosa, ile uliyoihitaji kuliko zote, ndiyo inayopotea. Andika logi za makosa kwa muunganisho wa pili wenye muamala wake.

Kujaribu

Anzisha malipo mawili kwa pamoja, moja likatae kwa kuacha muda wa PIN uishe. Kisha:

```sql
SELECT safari_id, min(chanzo), min(ujumbe)
FROM logi
GROUP BY safari_id
HAVING count(*) = 1;
```

Ukikuta rekodi pweke ambayo chanzo chake ni M-Pesa, rudi hatua ya 4. Ikiwa ni ya foleni, kuna mahali ujumbe ulitumwa bila kitambulisho. Ikiwa ni ya triga, huenda kuna mtu amebadilisha data kwa mkono kupitia psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), naye muulize.