Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mwanasiasa wa Kusini mwa Marekani: Mfano wa James Ferguson wa Texas

Wasifu mwingi wa wanasiasa wa Marekani unaoandikwa kwa Kiswahili ni orodha ya vyeo tu: alizaliwa, akachaguliwa, akafa. Kwa wanasiasa wa majimbo ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, orodha hiyo inaficha mambo mawili makubwa: nani aliruhusiwa kumpigia kura, na fedha zake zilitoka wapi. Mimi huifanya kazi hii kwa utaratibu ufuatao. Mfano wetu ni James E. Ferguson, gavana wa Texas kuanzia 1915 hadi 1917.

Hatua ya 1: Anza na mpiga kura

Texas ya wakati ule ilikuwa ya chama kimoja kwa vitendo. Aliyeshinda mchujo (kura ya ndani ya kumteua mgombea) wa Chama cha Democratic mwezi Julai alikuwa ameshaupata ugavana. Uchaguzi mkuu wa Novemba ulikuwa wa kukamilisha ratiba. Kwa hiyo matokeo ya mchujo ndiyo ya kuyatafuta kwanza.

Kisha uliza nani alikuwa kwenye foleni. Kufuatia marekebisho ya katiba ya 1902, mpiga kura alitakiwa kulipa kodi ya kura, dola 1.50 hadi 1.75, kabla ya Januari kwisha. Mkulima wa pamba aliyekwisha kulipa madeni ya dukani alibakiwa na nini Januari? Weusi walizuiwa pia na kanuni za chama, na mwaka 1923 sheria ya jimbo ikawafungia mchujo waziwazi. Daktari Lawrence Nixon wa El Paso alifika kituoni mwaka 1924 na risiti yake ya kodi mkononi, akakataliwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki mwaka 1927, na bunge la Texas likatafuta njia nyingine ya kuwazuia.

Hatua ya 2: Aliahidi nini, na kwa nani?

Ferguson, mzaliwa wa Kaunti ya Bell mwaka 1871, alikuwa mwanasheria na mwenye benki mjini Temple. Alipogombea mwaka 1914 hakuwa amewahi kushika cheo cha kuchaguliwa. Zaidi ya nusu ya wakulima wa Texas walilima mashamba ya kukodi, naye akawaahidi kwamba mwenye shamba hatachukua zaidi ya theluthi moja ya nafaka na robo ya pamba. Sheria ilipita 1915; mahakama iliifuta 1921.

Ahadi yake ya pili ilihusu pombe: angekataa kutia saini muswada wowote wa pombe, uwe wa wanaoitetea au wanaoipinga. Iandike pembeni, utaihitaji sasa hivi.

Hatua ya 3: Fuata fedha

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mwaka 1917 Ferguson alitaka maprofesa fulani wa Chuo Kikuu cha Texas wafukuzwe. Bodi ya chuo ilipogoma, alizuia karibu bajeti yote ya chuo. Wahitimu wakawaka. Baraza la Wawakilishi la Texas lilimfungulia mashtaka 21, na Seneti ya jimbo ikamtia hatiani kwa 10.

Waandishi wengi huishia kusema aling'olewa kwa ugomvi wa chuo. Hiyo ni nusu ya habari. Soma mashtaka yenyewe: mengi ni ya fedha. Fedha za jimbo zilikuwa zimewekwa katika benki ya Temple ambayo yeye alikuwa na hisa. Tena alikuwa amepokea mkopo wa dola 156,500, fedha taslimu, akakataa kata kata kumtaja aliyemkopesha. Baadaye ilijulikana kwamba zilitoka kwa watengeneza bia. Sasa rudi kwenye ile ahadi ya pombe.

Lakini usikimbilie kuandika "alihongwa". Andika kwamba alipokea, alikataa kutaja, na Seneti ikamwona ana hatia. Msomaji si mtoto.

Hatua ya 4: Hakiki tarehe hadi siku

Ferguson alijiuzulu siku moja kabla ya hukumu; hukumu ilitangazwa Septemba 25, 1917. Alisimamia hoja hiyo miaka mingi: kwamba marufuku ya kushika cheo chochote cha jimbo, iliyokuwa sehemu ya hukumu, haimhusu mtu aliyekwisha kuondoka. Ukiandika tu "aliondolewa Septemba", umeipoteza hoja nzima.

Hatua ya 5: Usiishie kwenye cheo cha mwisho

Mwaka 1918 alishindwa na William Hobby, gavana aliyemrithi, katika mchujo wa kwanza ambao wanawake wa Texas walipiga kura. Mwaka 1924 akamsimamisha mkewe, Miriam, kwa kaulimbiu ya magavana wawili kwa bei ya mmoja. Miriam alimshinda mgombea aliyeungwa mkono na Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, akaapishwa Januari 1925, akarudi tena 1933 hadi 1935. Mumewe alihudhuria vikao vya bodi za serikali na kupokea wageni wa kisiasa.

Utashawishika kuwafanya mashujaa kwa kuwa walipambana na Klan. Jizuie: chini ya Miriam, mchujo uliendelea kuwa wa Wazungu pekee.

Hatua ya 6: Pima kila gazeti

Magazeti ya zamani ya Texas yapo mtandaoni bure, katika maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha North Texas. Ferguson Forum, gazeti alilolianzisha mwenyewe mwaka 1917, litumie kuonyesha alivyojitetea. Kwa yaliyotokea hasa, lisome sambamba na kumbukumbu za Seneti, na pale vinapopingana mwambie msomaji vinapingana wapi.