Lupu mbili zikigombana: oanisha kwanza, kutyuni baadaye

Wakuu, ukimkuta opereta wa zamu ya usiku kaweka lupu zote (lupu ni kipimo, kontrola na valvu inayoongozwa nayo) manuali, yani anaziendesha kwa mkono, usimlaumu, mara nyingi yeye ndo kaona zinapigana wakati sisi tunahangaika kutyuni (kurekebisha namba za) PID, ile kontrola ya kila lupu, moja moja. Kwa mfano natumia mnara wa kutenganisha methanoli na maji wa Wood na Berry, 1973, namba zake zinajulikana.

Hatua ya 1: kagua valvu. Chora alama kwenye shina lake, iamuru isogee asilimia moja moja, angalia kama inaitikia au inakwama halafu inaruka. Nishapoteza siku mbili natyuni kumbe pakingi (ile ya kuzuia kuvuja kwenye shina la valvu) imekazwa mno.

Hatua ya 2: lupu zote manuali, mtambo utulie, sogeza valvu moja kidogo tu, ngoja vipimo vyote viwili (methanoli juu ya mnara na chini yake) vitulie, andika, rudia kwa nyingine. Hapa ukiongeza rifilaksi (kile kimiminika kinachorudishwa juu) gaini (kipimo kinabadilika kiasi gani kwa kila 1 unayoongeza) ni 12.8 juu na 6.6 chini, ukiongeza mvuke (unaochemsha chini ya mnara) ni -18.9 juu na -19.4 chini. Yani kila valvu inagusa kotekote.

Hatua ya 3 ndo yenyewe, njia ya Edgar Bristol ya 1966 ya kuoanisha, yani kuchagua valvu ipi ishike kipimo kipi. 12.8 mara -19.4 ni -248.32, -18.9 mara 6.6 ni -124.74, toa ya pili kwenye ya kwanza inabaki -123.58, sasa gawa -248.32 kwa hiyo: 2.01, hiyo ni ya rifilaksi kushika juu na mvuke chini. Maana yake lupu ya chini ikiwa oto (kontrola inaiendesha yenyewe), gaini ya lupu ya juu inashuka karibu nusu. Ukioanisha kinyume unapata -1.01, na hiyo hasi ni balaa, lupu mwenzie ikienda oto valvu uliyozoea inapandisha inaanza kushusha, hapo utatyuni mpaka kukuche.

Hatua ya 4: rifilaksi ishike juu, mvuke ushike chini. Tyuni kwanza upande wa bidhaa inayouzwa, iache oto, ndo utyuni ya pili, iwe ya polepole.

Bado zinasumbua? Weka dikapla (hesabu inayosogeza valvu ya pili kufuta usumbufu wa ya kwanza) ya upande mmoja: 6.6 gawa kwa 19.4 ni 0.34, rifilaksi ikipanda 1 mvuke upande 0.34. Ila sio papo hapo, rifilaksi inachukua dakika 7 kuanza kuonekana chini, mvuke 3, kwa hiyo mvuke uucheleweshe dakika 4. Ya pande mbili mi siipendi, gaini ikikosewa kidogo tu inavuruga kote.

Ijaribu mchana, opereta akiwa pembeni yako na mkono karibu na manuali.