Kumfundisha mtoto kujumlisha kwa karanga

Wazazi wenzangu, msianze na daftari jamani, anzeni na vitu vya kushika. Huku Dodoma karanga hazikosekani, na msimu wa zabibu ndo raha zaidi maana akipata jibu anakula. Mwekee karanga 10 kwenye sahani, agawe mafungu mawili anavyotaka, 7 na 3, 6 na 4, na kila akigawa aseme kwa sauti "saba na tatu, kumi", hizi za kumi mi naona ndo za kukazania kuliko zote, kwa sababu baadaye akikutana na 8+5 anachukua 2 kwenye ile 5 anakamilisha kumi, zinabaki 3, basi kumi na tatu.

Wa kwangu alikuwa anahesabu vidole kuanzia moja kila mara, nikamwambia shika namba kubwa kichwani halafu endelea, 6+2 anasema sita... saba, nane. Ukimpa 2+6 aanzie hapohapo kwenye sita, jibu halibadiliki.

Dakika 10 kwa siku zinatosha kabisa, akichoka muache akacheze. Na akikosea usimgombeze, mrudishie karanga zake ahesabu mwenyewe.