Namna ya Kuikagua Simu ya Android Inayoshukiwa Kupelelezwa

Wengi wakisikia habari za programu za ujasusi hukumbuka Pegasus ya kampuni ya NSO Group ya Israeli, iliyofichuliwa mwaka 2016 baada ya mwanaharakati Ahmed Mansoor wa Falme za Kiarabu kupokea SMS yenye kiungo na, badala ya kukibonyeza, kuipeleka kwa watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto. Hiyo huuziwa serikali. Simu ya mtu wa kawaida hupandikiziwa programu ya bei nafuu na mtu wa karibu anayeijua namba ya siri, ambaye dakika chache humtosha, simu ikiwa kwenye chaji sebuleni na mwenyewe akiwa bafuni.

Usihangaike kutafuta alama yake kwenye skrini, kwani hujificha au hujipa jina la kuchosha mfano wa "Huduma ya Mfumo". Tafuta ruhusa ilizopewa. Fungua Mipangilio, kisha Ufikivu: programu iliyowashwa hapo inaweza kusoma yanayoonekana kwenye skrini, ukiwemo ujumbe wa WhatsApp, ambao usimbaji wake (kufungwa kwa ujumbe ili usisomwe njiani) haukufai kitu hapo kwa sababu unasomwa ukiwa umeshafunguliwa. Halafu tazama orodha ya programu zenye usimamizi wa kifaa, maana yenye mamlaka hayo hugoma kufutwa mpaka uivue kwanza. Ingia pia Play Store uangalie Play Protect, kinga ya Google inayokagua programu hatari. Ukiikuta imezimwa na hukuizima wewe, jiulize nani aliishika simu. Kuanzia Android 12, nukta ya kijani pembeni mwa skrini huonyesha kuwa kamera au maikrofoni inatumika. Usisahau vifaa vilivyounganishwa ndani ya WhatsApp, kwani kompyuta ya mtu mwingine ikiwemo humo, hana haja ya programu yoyote ya ujasusi.

Ukiipata, usikimbilie kuifuta. Anayekupeleleza atajua papo hapo, na kama mnaishi nyumba moja hilo linaweza kuwa hatari. Piga picha ushahidi kwa simu nyingine, na kwa simu hiyohiyo nyingine tafuta msaada. Ukishakuwa salama, badilisha nywila zako kwenye kifaa kisichoshukiwa, rudisha simu kwenye hali ya kiwandani, kisha pakua programu moja moja kutoka Play Store badala ya kurejesha nakala ya zamani. Namba mpya ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, kwa kuwa aliyeijua ile ya kwanza huenda anaujua na huo.